Siku Nilipofua Ruana

Mimi ndiye niliyeifua ruana, lile joho letu la sufu lenye tundu la kupitisha kichwa. Naanza na hilo kwa sababu hapa Peñanegra kila mtu huanza na hilo, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa mama mkwe wangu, Doña Custodia. Yeye kila akisimulia, ruana inazidi kupungua. Juzi nilimsikia akimwambia mgeni kwamba ilitoka kwenye beseni ikiwa inamtosha kuku. Huo ni uongo. Ilikuwa inamtosha mbwa, tena mbwa mkubwa.

Mke wangu anaitwa Ermelinda. Ana miaka arobaini na saba, ng'ombe sita, na goti moja lisilosikia la mtu. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya Bikira wa Karmeli mwezi wa saba, hufanyika mbio kutoka hapa kwetu hadi Aguafría, kilomita arobaini na nane, kupanda mlima, kupita ziwani huko juu kwenye ukungu, kisha kushuka upande wa pili. Mwaka jana Ermelinda alifika kituo cha ziwani amechelewa dakika nne. Dakika nne! Hata yai halijaiva. Wakamvua namba, wakampakia kwenye lori la maziwa la Don Pastor Siachoque, akashushwa mlimani amesimama katikati ya madebe, amelowa chapachapa, na lori likaingia uwanjani saa ileile watu wanatoka misa.

Don Pastor ana mdomo. Alifungua mlango wa nyuma wa lori, akapaza sauti: "Maziwa ya leo hayo, mabibi na mabwana! Samahani, yamechacha kidogo!"

Uwanja mzima ulicheka. Na mimi nilicheka. Kidogo tu, tena kwa pua, lakini Ermelinda alikuwa ananitazama mimi.

Tangu siku hiyo, sokoni wakamwuliza lita ni kiasi gani. Orodha ya mwaka huu ilipobandikwa kwenye mlango wa shule, jina la kwanza lilikuwa lake. Hakutaka kushinda, wala hakutaka medali, maana medali zenyewe ni za bati. Alitaka kitu kimoja: kufika Aguafría kwa miguu yake mwenyewe. Alinitamkia hivyo mara moja tu, huku akikamua, na ng'ombe naye akasimama kimya kama aliyeelewa.

Mazoezi yalianza mwezi wa tano, mvua zilipoanza. Kwetu mvua hainyeshi, inahamia. Inakuja na vyombo vyake, inakaa hadi mwezi wa nane. Watu wengine wakiona mawingu huingia ndani. Ermelinda akiyaona alikuwa anavaa gambuti na kutoka. Alikuwa anapanda hadi kwenye msalaba wa kilimani na madebe mawili ya maji, anashuka, anapanda tena, tope hadi mapajani.

Mimi nilikuwa kocha. Nilinunua kipenga. Nilikaa barazani chini ya bati, na kikombe changu cha maji moto ya sukari guru, na kila alipopita nikapuliza. Kocha halazimiki kulowa. Ndiyo tofauti yake na mkimbiaji.

"Goti juu!" nilimwambia.

"Njoo ulinyanyue wewe!"

"Pumua kwa tumbo!"

"Kwa tumbo lako au langu? Maana lako lina nafasi zaidi."

Mazoezi yalikwenda vizuri sana.

Wiki mbili kabla ya mbio wakaja watu wa maandalizi kutoka Bogotá. Kiongozi wao alikuwa injinia mmoja kijana, anaitwa Catalina, mpole, mwembamba kama mpini wa jembe. Alitukusanya darasani akatusomea vitu ambavyo kila mkimbiaji lazima awe navyo kwenye ukaguzi: kipenga, tochi, blanketi la karatasi ya kung'aa, na koti la mvua lisilopitisha maji. Asiye na koti hakimbii.

Ermelinda akanyoosha mkono. "Ruana je?"

"Mama, ruana ni sufu," Catalina akasema kwa upole. "Sufu inapitisha maji."

Lau angemtukana mama wa mtu, watu wangeshtuka kidogo kuliko hapo. Don Pastor akasimama, akavua kofia. Kwetu tunaitana mheshimiwa sisi kwa sisi, hadi na mbwa, lakini safari hii alilikokota lile neno. "Mheshimiwa injinia, kwa heshima zote, labda maji ya Bogotá ndiyo yanayopita."

Walibishana saa nzima. Mwisho wakakubaliana hivi: Jumamosi, mwenye ruana atasimama uwanjani amwagiwe ndoo tatu za maji. Shati la ndani likibaki kavu, amepita. Likilowa, arudi nyumbani akakamue.

Sisi tulitoka pale tunacheka, kwa sababu ruana ya Ermelinda haikuwa ruana ya kubahatisha. Ilikuwa ya marehemu baba yake, Don Celedonio, aliyeswaga nyumbu milima hii miaka thelathini. Ilifumwa kwa sufu mbichi yenye mafuta yake ya kondoo, na juu ya mafuta ya kondoo yakaja moshi, jasho, nyumbu na mchuzi. Haikuwahi kuona sabuni. Ilikuwa na rangi ya viazi vilivyotoka shambani, na ukiiweka chini ilisimama yenyewe, kama mgeni anayengoja kuonyeshwa kiti. Maji yakiigusa yaliteleza kama juu ya jani la gimbi. Ermelinda aliitundika nyuma ya mlango, na siku akimkumbuka baba yake alikuwa anakwenda kusimama hapo kidogo.

Sasa basi, Alhamisi.

Alhamisi Ermelinda alikwenda kwenye mazoezi ya mwisho. Nilibaki na mama mkwe jikoni. Doña Custodia ana miaka themanini na moja, na bado hajakubali kwamba binti yake aliolewa. Anasubiri nichoke niondoke. Akanielekezea kwa kidevu nyuma ya mlango, ilikotundikwa ruana.

"Jumamosi baada ya ukaguzi padri atabariki vifaa vya wakimbiaji, mbele ya Bikira."

"Ndiyo, mama."

"Na lile dude litapelekwa mbele ya Bikira linanuka hivyo?"

"Lakini ni ruana ya mumeo, mama."

"Mimi nililala nalo miaka thelathini na mitatu. Nilikuwa sina la kufanya. Bikira hakuolewa nalo."

Akaenda kulala mchana. Nikabaki naitazama ile ruana. Nataka mnielewe. Miezi miwili mke wangu alikuwa anapanda mlima kwenye mvua, na mimi mchango wangu ulikuwa kupuliza kipenga. Nilikuwa naona haya, ingawa sikumwambia mtu. Nikasema moyoni: leo nitafanya kitu.

Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kufua kitu chochote, isipokuwa viazi. Lakini nilijua kwamba mafuta hutolewa na maji ya moto. Nikachemsha sufuria kubwa mbili. Nikaweka sabuni ya mche, mche mzima, na haikutoa povu, nikaweka wa pili. Nikaingia kwa miguu, suruali nimeikunja magotini, nikakanyaga. Maji ya kwanza yalikuwa meusi. Ya pili yalikuwa ya kahawia. Ya tatu yalifanana na chai. Nilijivuna kila nilipoyamwaga. Maji ya sita yalipokuwa meupe, nikaona jambo la ajabu.

"Doña Custodia! Ina mistari!"

"Haina mistari," akajibu kutoka chumbani.

"Mistari myekundu! Njoo uone!"

Akaja na fimbo yake. Akatazama. Akapiga ishara ya msalaba. "Miaka thelathini na mitatu," akasema polepole, "na mwanamume yule hakuniambia kwamba ina mistari."

Nikaitundika juu ya jiko ikauke haraka. Hapo ndipo ilipoanza kunywea. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Niliongeza kuni.

Ermelinda alirudi saa kumi, tope hadi kwenye nyusi. Akavua gambuti, akatazama nyuma ya mlango, akatazama jiko. Ruana ilikuwa pale, nyeupe, na mistari yake myekundu, inanukia maua, na upana wake ni wa kitambaa cha meza ndogo.

Kwetu, mke akikasirika kweli, heshima ndipo inapozidi, na "wewe" hugeuka "sumercé".

"Mheshimiwa," akasema, "sumercé amefanya nini?"

"Nimeifua. Kwa ajili ya Bikira."

Akaishusha. Akapitisha kichwa kwenye tundu. Kichwa kiliingia kwa shida, na ruana ikamkaa mabegani kama kola ya padri. Akaivua. Akainusa. Alikuwa anamtafuta baba yake mle ndani, na kilichokuwamo kilikuwa sabuni.

"Umemwosha baba," akasema.

Akatoka kwenda kukamua ng'ombe, ambao walikuwa wamekwisha kukamuliwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na jinsi ilivyolowa mwaka huu, ingeweza.

Mtauliza kwa nini tusinunue koti. Duka la makoti liko mjini, na barabara ya mjini ilikuwa imeporomoka tangu Jumatano, siku moja baada ya wakimbiaji wa mjini kufika. Catalina alikuwa na koti moja la akiba. Ermelinda alilijaribu Ijumaa asubuhi. Mkono wa kulia ulipita, wa kushoto ukapita, kisha mgongo ukapasuka kwa sauti ambayo watu wa ng'ambo ya mto waliisikia.

Nikasema, mafuta yaliyotoka yanaweza kurudi. Nikatanua ruana kwa misumari juu ya mlango wa zizi, nikaipaka mafuta ya nguruwe kilo nne. Kutanuka haikutanuka, ila mbwa walikuja. Walikuja mbwa wetu, wakaja wa jirani, wakaja mbwa ambao sijawahi kuwaona, wakakaa mstari mmoja kwa adabu wakingoja. Nikaimwagia kikombe cha maji kujaribu. Yalipita yote, tena yakatoka upande wa pili yakiwa na harufu ya andazi.

Basi ikabaki njia moja, kuazima. Nilikwenda kwenye uwanja wa tejo, ambako wanaume wote wa Peñanegra huwa Ijumaa alasiri, wanarusha vipande vya chuma kwenye udongo wenye baruti, na ikilipuka wanakunywa, isipolipuka wanakunywa pia. Walikuwepo kama ishirini, kila mmoja na ruana yake. Nikasimama mbele yao.

"Waheshimiwa, nahitaji kuazima ruana hadi Jumapili. Isiwe safi. Nataka iliyo chafu kuliko zote hapa. Nani anayo?"

Sikuwa nimefikiri vizuri. Nyuma ya uwanja kuna jiko, na jikoni walikuwepo wake zao, wanakaanga viazi na kuyasikia yote. Mwanamume akikiri kwamba ruana yake ni chafu, amemtangaza mkewe.

"Yangu ilifuliwa juzi," akasema wa kwanza, na ile ruana ilikuwa na majani yaliyoota begani.

"Yangu hufuliwa kila mwezi," akasema wa pili kwa sauti kubwa, akielekea jikoni.

"Yangu kila wiki!"

"Yangu naogopa hata kuivaa, jinsi inavyong'aa."

Nikazunguka wote ishirini. Sijapata kukutana na wanaume wasafi kama wale, na wote walinuka kondoo. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, mvua inanipiga kichwani, nikijua kwamba kesho mke wangu ataondolewa kwenye mbio kabla hazijaanza, na wa kulaumiwa ni mimi.

Haijapita nusu saa, mlango ukagongwa. Alikuwa Don Pastor. Amesimama kwenye mvua na shati tu, ruana yake ameikunja mkononi. Ilikuwa nyeusi, nzito, inang'aa kwa mafuta.

"Sikusema kule," akasema, "kwa sababu wangecheka. Jikoni kule hakuna wangu." Akaiweka mezani. "Tangu mke wangu Benilda afe haijaguswa na sabuni. Miaka minne. Nikiisogeza karibu na beseni nasikia anavyonigombeza, basi naishiwa nguvu, naiacha."

Ermelinda alikuwa anamenya viazi. Hakuinuka.

"Don Pastor, mwaka jana ulinitangaza mbele ya kanisa kama maziwa."

"Nilikutangaza."

"Yaliyochacha."

"Yaliyochacha, ndiyo." Akageuza kofia mikononi. "Ulikuwa unatetemeka, mama. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Niliogopa utanifia garini. Na mimi nikiogopa mdomo wangu hujisemea tu. Nisamehe."

Nilimwona mke wangu akimenya kiazi kile hadi kikabaki kama zabibu. Kisha akaweka kisu chini, akaichukua ruana, akaivaa. Ilimfika magotini. Mbwa wetu, aliyekuwa amelala, akaamka akatoka nje.

"Ukitaka kusema tena, utasema," akamwambia. "Lakini usubiri nifike Aguafría. Kaa ule."

Doña Custodia akasogeza kiti chake mbali kidogo, akasema kwamba hewa ya jikoni leo imemkumbusha ndoa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Hakuna aliyekuja kuona makoti. Ermelinda akasimama katikati, ndani ya duara, na Catalina akapanda juu ya kiti na ndoo. Ya kwanza ikamwagwa. Maji yakateremka yote kama juu ya paa. Doña Custodia, aliyejipa cheo cha ukaguzi, akaingiza mkono chini ya ruana akapapasa shati.

"Kavu!" akatangaza.

Ya pili. "Kavu!" Uwanja ukaanza kupiga makofi. Ya tatu Catalina aliimwaga polepole, kwa haki kabisa, kuanzia shingoni. Kisha akashuka mwenyewe, akapapasa, akainama kutazama, akainuka haraka akiwa ameziba pua.

"Imepita," akasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Baada ya hapo padri akaja kubariki vifaa. Akanyunyiza maji ya baraka kwenye viatu, kwenye tochi, kwenye makoti, akafika kwa Ermelinda, akanyunyiza, na matone yakaviringika yakaanguka chini. Akanyunyiza tena. Yakaanguka tena.

"Mwanangu," padri akasema, "hii haishiki baraka."

"Padri, ingeshika, wangeniondoa."

Jumapili walianza saa kumi na moja alfajiri, watu themanini na tano, kwenye mvua iliyokuwa inapiga kutoka ubavuni. Mimi nilipanda lori na Don Pastor kwenda kungoja ziwani. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, maana nilitaka awe na mume anayetazamika. Muda wa mwisho wa kituo ulikuwa saa tano kamili. Tulikaa ndani ya lori, vioo vimejaa mvuke, na kila baada ya dakika moja tulitazama saa, yeye yake na mimi yangu, kama vile moja ingekuwa na huruma zaidi. Saa nne ikaanza mvua ya mawe. Wakapita wenye kasi. Wakapita wa katikati. Saa nne na nusu hakuna. Saa nne na dakika arobaini hakuna.

"Atakuja," akasema Don Pastor.

"Najua atakuja."

"Basi usiuvunje mkono wangu."

Saa nne na dakika arobaini na tisa, kitu cheusi kikatoka kwenye ukungu, kikubwa, kinatoa moshi, mvua ya mawe inaruka juu yake. Nilishuka nikapuliza kipenga, na kipenga hakikutoa sauti, kwa sababu nilikuwa nalia. Dakika kumi na moja alikuwa nazo za akiba! Nikampa kikombe. Alikunywa huku akitembea. Hakuwa amelowa ila uso.

"Goti?" nikamwuliza.

"Lipo."

Hapo ndipo Catalina alipotoka kwenye hema na redio mkononi, na usoni mwake nikaijua habari kabla hajasema. Mto wa chini umejaa. Waliotangulia walikuwa wamevuka, lakini sasa kivuko kimefunikwa, na mbio zimesimamishwa. Wote waliobaki watashushwa kwa lori.

Hakuna aliyebisha. Wakimbiaji wa mjini, makoti yao mazuri yamejaa maji ndani na nje, walipanda hata kabla hajamaliza sentensi. Don Pastor akafungua mlango wa nyuma. Hakusema neno. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Ermelinda alilitazama lile lori. Sisi wote tukamtazama yeye. Nilitaka kumwambia kwamba hii si sawa na mwaka jana, kwamba amefika kwa wakati, kwamba hakuna atakayecheka. Lakini ningekuwa namwambia mimi, na mimi ndiye niliyecheka.

Akaingiza mkono chini ya ruana, akafungua pini nne moja moja, akatoa namba yake, akaiweka kwenye kiganja cha Catalina.

"Mkimbiaji wako huyo hapo. Mshushe kwa lori."

"Mama Ermelinda, siwezi kukuruhusu..."

"Mimi si mkimbiaji. Mimi ni mtu wa hapa, nakwenda Aguafría kumwona shangazi. Sipiti kivukoni. Kuna daraja la mawe huko juu, njia ya nyumbu. Maji hayajawahi kulifikia."

"Una shangazi Aguafría?"

"Alikufa. Lakini hajahama."

Catalina akamtazama Don Pastor. Don Pastor akaitikia kwa kichwa: daraja lipo, ni kweli, ni saa mbili zaidi ya njia ya kawaida, lakini lipo na ni imara. Catalina akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hawezi kumzuia mtu kutembelea ndugu zake, ila asiende peke yake mlimani na hali hii.

Ermelinda akageuka.

"Kocha," akasema.

Nilitazama ndani ya lori. Kulikuwa na joto, kulikuwa na nusu ya mkate. Nilitazama viatu vyangu vya kanisani. Kisha Don Pastor akatoa gambuti zake chini ya kiti, mbili, zimenizidi saizi tatu, akanivalisha mwenyewe kama mtoto.

Sitasimulia yote. Ilikuwa kilomita ishirini na saba, na mimi huwa nachoka nikienda zizini. Nilianguka mara tisa. Yeye anasema kumi na nne. Kwenye kilima cha kwanza alinivua kipenga shingoni akakivaa yeye, na kutoka hapo kila nilipokaa chini nilipulizwa.

"Goti juu, mheshimiwa! Pumua kwa tumbo!"

Darajani, maji yanapiga kelele huko chini kabisa, nilimshika mkono nikasimama.

"Ermelinda. Mwaka jana nilicheka."

"Nilikuona."

"Samahani."

"Tembea," akasema. Lakini mkono hakuuachia hadi tulipofika ng'ambo.

Tuliingia Aguafría saa kumi na mbili kasoro. Mbio zilikuwa zimekwisha zamani. Tao la mwisho lilikuwa limetolewa hewa, limelala barabarani, na watu wawili walikuwa wanalikunja kama shuka. Hakukuwa na saa, wala watu wa kupiga makofi, wala medali za bati. Ermelinda akawaomba radhi wale wawili, wakainua upande mmoja kidogo, akainama akapita chini yake. Nikapita na mimi. Wakaendelea kukunja.

Uwanjani alibaki mama mmoja tu wa supu, anafunga sufuria zake. Tukakaa kwenye benchi lake. Akatujazia mabakuli mawili, viazi na mfupa, akamtazama Ermelinda kuanzia kichwani hadi kwenye tope.

"Mmetoka wapi na mvua hii, jamani?"

"Peñanegra," mke wangu akasema.

"Peñanegra! Mmekuja na gari gani?"

Ermelinda akaweka kijiko chini. Nikaona uso wake unabadilika, na sikujua kama atalia au atacheka.

"Niulize tena, mama," akasema.

"Nimeuliza mmekuja na gari gani."

"Hakuna gari. Tumekuja kwa miguu."

Mama wa supu akadhani hajasikia vizuri kwa sababu ya mvua, akauliza mara ya tatu, na mke wangu akamjibu mara ya tatu.